Rafiki Mbele ya Sheria: Juu ya Kipindi cha Mwisho cha "Boston Legal"

Michezo ya mahakamani ina kawaida yake. Huanza kwa dhuluma au kwa haja, hupita katika maswali ya mawakili na majibu ya mashahidi, na huishia katika hukumu. Mtazamaji hulingoja neno la jaji kama baharia aingojavyo nchi kavu. Kipindi cha mwisho cha mfululizo wa Kimarekani uitwao Boston Legal, kilichoonyeshwa na shirika la televisheni la ABC tarehe 8 Desemba 2008 kwa jina la "Last Call", chaifuata kawaida hiyo nusu ya njia tu. Kesi imo, tena yafikishwa mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani. Lakini mchezo ukiisha, kinachobaki moyoni mwa mtazamaji ni swali ambalo halikuandikwa katika hati yoyote ya madai: rafiki ni nani mbele ya sheria? Inadaiwa hapa kwamba swali hilo ndilo kiini cha kipindi chote. Kwamba jibu linalotolewa, likipimwa kwa sheria peke yake, ni dhaifu. Na kwamba udhaifu huo ndio unaoonyesha nguvu yake ya kweli, ambayo ni nguvu ya kutaja jina.

Mtungaji wa mfululizo huu ni David E. Kelley, aliyekuwa wakili mjini Boston kabla ya kuingia katika kazi ya kuandikia televisheni. Boston Legal ilichipuka kutoka mfululizo wake mwingine, The Practice, ulioonyeshwa tangu 1997 hata 2004, nayo ikaendelea tangu 2004 hata 2008 kwa vipindi 101. Katikati yake wamesimama mawakili wawili. Wa kwanza ni Denny Crane, anayeigizwa na William Shatner: mzee tajiri, mpenda bunduki, mfuasi wa chama cha Republican, ambaye jina lake limo katika jina la kampuni yenyewe ya mawakili. Wa pili ni Alan Shore, anayeigizwa na James Spader: mdogo wake kwa miaka mingi, mwenye ulimi mkali, na mpinzani wa karibu kila jambo la siasa ambalo Denny hulitetea. Vipindi vingi huishia mahali pamoja, katika roshani ya ofisi, wawili hao wameketi usiku na sigara na wiski wakiizungumza siku iliyopita. Methali yasema, "Undugu kufaana, si kufanana." Ni shida kupata katika michezo ya televisheni mfano ulio wazi zaidi wa methali hiyo.

Denny ana ugonjwa wa Alzheimer, ule ulao kumbukumbu ya mtu kidogo kidogo. Yeye mwenyewe, kwa muda mrefu wa mfululizo, huuita kwa mzaha kichaa cha ng'ombe. Ana pia desturi ya kulitaja jina lake mwenyewe, lote zima, kwa sauti ya fahari: akiingia chumbani, akimaliza hoja, au akikosa la kusema. Katika vipindi vya mwanzo desturi hiyo huchekesha, kwa kuwa yaonekana ni majivuno matupu ya mtu mzima. Kadiri ugonjwa unavyoendelea, kicheko hupungua. Mtu aonaye akili yake ikimtoka hulishika jina lake kama mzamaji ashikavyo ubao. Akilisema na likaitikiwa, ajua kwamba bado yupo. Jambo hili la jina lafaa kukumbukwa, maana ndilo litakaloeleza ndoa itakayofuata.

Kesi yenyewe ni hii. Denny ataka kutumia dawa ambayo bado i katika majaribio, na ambayo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani haijaikubali. Alan amsimamia, na shauri lafika mbele ya majaji tisa wa Washington. Katika maisha ya kweli mambo hayaendi upesi hivyo. Mahakama ile hupelekewa maelfu ya maombi kila mwaka, na kesi inazokubali kuzisikiliza kwa mjadala kamili hazifiki mia. Lakini kosa la mwendo ni kosa dogo. Michezo yote ya mahakamani hufupisha wakati. Tena kuna sababu ya kumsamehe mtungaji. Kamera haziruhusiwi kuingia katika baraza la mahakama ile hata leo, na watu wa nje huweza kuzisikia tu sauti za mawakili na majaji. Televisheni, isipoweza kuingia kwa mlango, hujijengea nyumba ya kuigiza.

Lililo kubwa zaidi ni kwamba swali la kisheria lililoletwa na Alan lilikuwa limekwisha kuulizwa na kujibiwa. Katika kesi ya Abigail Alliance v. von Eschenbach, wagonjwa waliokuwa karibu na kufa walidai kwamba katiba yawapa haki ya kupata dawa zilizopita hatua ya kwanza ya majaribio. Mwaka 2006 majaji wawili kati ya watatu wa mahakama ya rufani ya Wilaya ya Columbia waliwakubalia. Mwaka 2007 mahakama ile ile, ikiketi kwa wingi wake, iliitangua hukumu hiyo kwa majaji wanane dhidi ya wawili. Na mwezi wa Januari 2008 Mahakama ya Juu ilikataa kulisikiliza shauri. Basi kipindi kilipoonyeshwa Desemba ya mwaka huo, mlango anaoubisha Alan ulikuwa umefungwa kwa miezi kumi na mmoja. Ulifunguliwa baadaye kwa njia nyingine, ya bunge, kwa sheria iliyotiwa sahihi tarehe 30 Mei 2018, iwaruhusuyo wagonjwa wa namna hiyo kujaribu dawa zilizopita hatua ya kwanza. Mtungaji hakutunga shauri la kuwaziwa tu. Alilichukua shauri lililokuwa limekufa mahakamani akalisimamisha tena jukwaani, na hiyo ni kazi halali ya sanaa.

Upungufu wake ni katika mizani. Upande wa mamlaka ya dawa haukupewa msemaji aliye sawa na Alan. Sheria ya mwaka 1962, iliyowalazimisha watengenezaji wa dawa wa Marekani kuthibitisha kwamba dawa zao zafaa kabla ya kuziuza, haikutungwa kwa ukatili wa makarani. Ilizaliwa na msiba wa dawa ya thalidomide, iliyosababisha maelfu ya watoto wa Ulaya na kwingineko kuzaliwa na viungo pungufu. Na katika ugonjwa huu huu wa Denny, yaliyotokea baadaye yawapa walinzi hao wa majaribio sehemu ya haki yao: dawa ya aducanumab ilikubaliwa mwezi wa Juni 2021 ijapokuwa kamati ya wataalamu washauri haikuiunga mkono, na mwaka 2024 mwenye kuitengeneza akaiacha. Mgonjwa anayengoja hana muda. Lakini dawa isiyofaa humla huo muda mchache aliobakiwa nao. Mchezo ungekuwa na nguvu zaidi kama hoja hiyo ingesemwa na mtu mwenye akili na huruma kama Alan.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo mtazamaji wa Kiingereza hana. Neno haki, kama ilivyo asili yake ya Kiarabu, lachukua maana tatu kwa pamoja. La kwanza ni stahili ya mtu, kama asemavyo, "Hii ni haki yangu." La pili ni uadilifu wa mwenye kuamua, kama isemwavyo kwamba kadhi ametenda haki. La tatu, ambalo limefifia katika maneno ya kila siku lakini halijafa, ni ukweli wenyewe. Kiingereza chazigawa maana hizo kwa maneno matatu mbalimbali, na kwa hiyo wakili wa Kiingereza huweza kuzungumzia moja na kuzisahau nyingine. Ukiieleza kesi ya Denny kwa Kiswahili, maana zote tatu zagongana katika neno moja: mgonjwa adai haki yake, majaribio ya dawa yatafuta iliyo haki, na majaji watakiwa watende haki. Nani asemaye kwamba tatu hizo zitapatana? Katika kesi hii hazipatani, na mchezo waonyesha vizuri uchungu wa kutopatana kwake, hata kama haukuupa kila upande kinywa chake.

Lakini kesi ya dawa ni nusu ya mambo. Nusu ya pili ni posa. Denny, akijua kwamba ugonjwa hautamngoja, amwomba Alan wafunge ndoa. Hawana mapenzi ya kimwili; wote wawili ni wapenda wanawake, tena kupita kiasi, nao hawajifichi. Sababu atoazo Denny ni za mali na za matibabu: aliye mume au mke hurithi pasipo taabu, na hukaa karibu na kitanda cha mgonjwa akasema neno litakalosikilizwa. Katika jimbo la Massachusetts jambo hilo liliwezekana. Mahakama ya juu ya jimbo iliamua mwezi wa Novemba 2003, kwa majaji wanne dhidi ya watatu katika kesi ya Goodridge, kwamba watu wa jinsia moja wasinyimwe ndoa, na tangu tarehe 17 Mei 2004 ndoa hizo zilifungwa. Msomaji wa Afrika ya Mashariki aishi chini ya sheria nyingine: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kwa mfano, yaieleza ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Tofauti hiyo haimzuii kuufuata mchezo, kwa kuwa swali linaloulizwa lamhusu yeye pia. Ni swali la nafasi ya rafiki palipo na mali, ugonjwa na kifo.

Je, ndoa hiyo ilihitajika kwa sheria? Yafaa kulipima jambo hili kwa makini, kwa sababu mchezo umelipita haraka. Juu ya matibabu, Massachusetts ilikuwa na sheria tangu 1990 inayomruhusu mtu mzima yeyote kumteua kwa hati mtu wa kumsemea mbele ya waganga, pindi yeye mwenyewe atakaposhindwa kuamua. Mtu huyo si lazima awe mke wala ndugu; rafiki aweza kuteuliwa. Juu ya mali, wasia ungetosha kumpa Alan alichotaka Denny ampe. Yabaki suala la kodi ya mirathi, na hapa mambo yageuka kinyume. Mwaka 2008 kodi ya shirikisho juu ya mirathi iliyozidi dola 2,000,000 ilifika asilimia 45, na mume au mke aliyerithi alisamehewa. Lakini kwa sheria iliyopitishwa na bunge la Marekani mwaka 1996, serikali ya shirikisho haikuitambua ndoa yoyote isiyokuwa ya mwanamume na mwanamke, hata kama jimbo limeitambua. Kwa hiyo Alan angetozwa kodi hiyo kama mtu baki. Ushahidi wake ulikuja baada ya muda mfupi: kesi ya United States v. Windsor, iliyoamuliwa tarehe 26 Juni 2013 na kuibatilisha sehemu hiyo ya sheria, ilihusu mjane aliyetozwa dola 363,053 za kodi ya mirathi kwa sababu mwenzake aliyekufa mwaka 2009 alikuwa mwanamke.

Tena kuna tatizo la akili timamu. Ndoa ni mkataba, na mkataba wataka mtu anayefahamu alifanyalo. Mahakamani Washington, Denny hana budi kuonyeshwa kuwa mgonjwa wa akili aliye katika hatari. Mbele ya mfungishaji ndoa, hana budi kuonekana mzima. Sheria hulimaliza jambo hilo kwa kusema kwamba uwezo wa mtu hupimwa kwa kila tendo peke yake, na kwamba mtu asiyeweza kuongoza biashara yake aweza bado kufahamu ndoa ni nini. Ni jibu zuri. Lakini mgongano wenyewe, wa mtu mmoja kuwa mgonjwa katika baraza moja na mzima katika jingine, ulikuwa na mchezo mkubwa ndani yake, nao ulistahili nafasi kubwa kuliko uliyopewa.

Ikiwa hati mbili rahisi zingetosha, na ikiwa faida kubwa ya kodi haikuwapo, kwa nini wakili mzee, aliyezeeka katika sheria, aliomba ndoa? Mtazamaji aliyeridhika na sababu zake za mdomoni atasema kwamba mtungaji amekosea sheria. Jibu lililo karibu zaidi na mchezo ni kwamba Denny ataka kitu ambacho hati haziwezi kumpa, naye, kwa kuwa ni wakili, hajui kukiomba ila kwa lugha ya faida. Hati ya matibabu humwita Alan "mteuliwa", wasia humwita "mpewa." Yote mawili ni majina ya kazi. Ndoa ndiyo tendo moja tu katika sheria ya nchi ile ambalo mtu mzima humtangaza mtu asiye wa damu yake, mbele ya mashahidi, kuwa ndiye wake. Mzee aliyekuwa akilishika jina lake kama ubao ataka jina hilo liungwe na la mwingine, kabla hajalisahau.

Hilo ndilo lipaswalo kukumbukwa katika kulisikiliza pingamizi linaloletwa ndani ya kipindi chenyewe. Watetezi wa ndoa za jinsia moja wataka kuizuia ndoa ya Denny na Alan, kwa sababu kwao ni kejeli: jambo waliloligombania kwa uchungu lachukuliwa na wanaume wawili wasiolihitaji. Pingamizi hilo si dogo, na lina heshima yake. Mtu aliyenyimwa kanzu kwa miaka mingi ana haki ya kukasirika aionapo ikivaliwa na jirani kwa ajili ya kujikinga na mvua. Lakini nalo ladhania kwamba ndoa ina sababu moja tu iliyo halali. Mahakama za Marekani, zinapowafungulia mlango mume na mke, haziwaulizi kama waoana kwa mapenzi, kwa upweke, kwa mali, au kwa hofu ya uzee. Mchezo wauliza kwa nini rafiki peke yake aulizwe. Swali hilo halikupata jibu kamili katika kipindi. Hata hivyo kuliuliza mbele ya mamilioni ya watazamaji ni jambo la ushujaa.

Hapo Kiswahili chaweza tena kuleta mwanga. Rafiki, katika asili yake ya Kiarabu, ni mtu wa kufuatana naye njiani. Maana ya safari i ndani ya neno. Sahibu naye ni wa kukaa pamoja. Lakini neno la Kibantu, mwenzi, lapita yote mawili kwa upana. Mwenzi ni rafiki, ni mshiriki wa kazi, ni msafiri wa jahazi moja, na pia ni mume au mke: mtu akifiwa na mkewe, husemwa kwamba amefiwa na mwenzi wake. Ni neno lile lile lililo katika methali ya "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji," ambamo halimtaji mke wala rafiki bali mtu yeyote ambaye bahati yake ni ya kushirikiana na yako. Jambo ambalo Denny na Alan walitafuta kwa hati, pete na mjadala mahakamani, Kiswahili chalitaja kwa silabi mbili. Si kusema kwamba wasemao Kiswahili ni marafiki bora kuliko wengine. Neno si sheria, na hakuna kadhi atakayemrithisha mtu kwa sababu tu aliitwa mwenzi. Ni kusema kwamba mpaka ambao mchezo huu wausumbukia kwa saa nzima, baina ya rafiki na mwenzi wa nyumbani, ni mpaka uliochorwa na lugha fulani na sheria fulani, nao haukuchorwa mahali pamoja kila nchi.

Wala desturi za Afrika ya Mashariki hazikumwacha rafiki bila nafasi. Kuchanjiana kulikuwa njia ya kumfanya mtu wa mbali kuwa ndugu: chale zilichanjwa, damu ya mmoja ikaingia kwa mwenzake, viapo na maapizo yakasemwa mbele ya watu, na tangu hapo kila mmoja alilazimika kumlisha, kumlinda na kutomsaliti mwenziwe. Katika Buganda kulitumiwa buni za kahawa, na undugu huo ukaitwa omukago. Mwaka 1876 mtemi Mirambo wa Unyamwezi na msafiri Henry Morton Stanley walifanywa ndugu kwa njia hiyo, na Manwa Sera, nahodha wa msafara, ndiye aliyeifanya kazi ya kuwachanja. Stanley hakuwa akitafuta mapenzi. Alitafuta njia iliyo salama, na Mirambo naye alikuwa na hesabu zake. Hata hivyo hakuna aliyesema kwamba undugu wao ulikuwa wa uongo kwa sababu ulikuwa na faida. Faida ilikuwa sehemu ya maana yake. Hiyo ndiyo hekima ya methali ya undugu na kufaana, na yaelekea Denny angeielewa kuliko wote.

Sheria ya mirathi ya Kiislamu, ifuatwayo na watu wengi wa pwani, yatoa mfano wa pili. Warithi wa damu na wa ndoa wamewekewa mafungu yao, na mtu hawezi kuwadhulumu kwa kumpendelea rafiki. Lakini theluthi moja ya mali ameachiwa mwenyewe, aiusie kwa asiyekuwa mrithi. Rafiki basi ana mlango wake, wa theluthi, naye huupita kwa jina lake la rafiki pasipo kuazima jina la mke wala la ndugu. Sheria ya Massachusetts ilikuwa pana zaidi kwa mali, kwa maana mtu asiye na mke angeweza kuusia karibu chote. Ilikuwa fukara kwa jina.

Mlinganisho mwingine uko karibu na wasomaji wa Kiswahili tangu 1969, mwaka ambao Mwalimu Julius Nyerere alitoa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare. Humo nako urafiki waingia mahakamani. Antonio atia sahihi hati ya ducati 3,000 kwa ajili ya Bassanio, na kwa hati hiyo ratili ya nyama ya mwili wake yawekwa rehani. Sheria yamwokoa dakika ya mwisho kwa werevu wa Portia. Lakini tazama kitendo cha tano: jozi tatu za wanandoa zaingia nyumbani, na Antonio, aliyetaka kufa kwa ajili ya rafiki yake, abaki peke yake katikati yao. Urafiki uliokuwa mkubwa mahakamani wakosa mahali pa kulala. Kelley, ajapokuwa hana lugha ya Shakespeare, aliuona mwisho wa namna hiyo na kuukataa. Katika kipindi chake pia kuna arusi nyingine: Shirley Schmidt, mshirika katika kampuni ile, aolewa na Carl Sack siku hiyo hiyo. Ndoa mbili zafungwa pamoja, na hakuna rafiki aachwaye nje ya mlango. Mwenye kuzifungisha ni mhusika aliyepewa jina la Jaji Antonin Scalia, ambaye katika maisha ya kweli, mwaka 2003 katika kesi ya Lawrence v. Texas, aliandika hoja kali ya kupinga wenzake walipoondoa adhabu juu ya uhusiano wa watu wa jinsia moja. Mzaha huo ni wa wazi mno, nao wapunguza uzito wa jambo lenyewe. Kelley amezoea kumfinya mtazamaji ubavuni mahali ambapo kimya kingetosha.

Makosa ya kipindi, basi, yanajulikana. Mwendo wa mahakama ni wa kasi isiyoaminika, upande wa pili wa kesi ya dawa umenyimwa sauti, hesabu ya kodi si sahihi, na mzaha mara nyingine wazidi. Yote hayo yaweza kuandikwa katika daftari la hasara. Katika daftari la faida kuna jambo moja, nalo ni zito. Michezo mingi ya mahakamani hufundisha kwamba haki ni kitu kinachotoka mdomoni mwa jaji kwenda kwa mtu mmoja mmoja, mshindi au mshindwa. Mchezo huu waonyesha kwamba kuna haja ya binadamu inayotangulia hukumu: haja ya kuwa na mtu wa kusimama naye, na ya mtu huyo kutajwa kwa jina lake. Asiyekuwa na mtu wa kumtaja huweza kushinda kesi na bado akarudi katika nyumba tupu.

"Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki," wasema Waswahili, na methali hiyo yafaa iwe kipimo cha mwisho. Dhiki ya Denny ni usahaulifu. Hakuna wakili awezaye kuishinda, wala hakuna mahakama iwezayo kumwamuru mtu akumbuke. Linalowezekana ni kwamba siku Denny atakaposhindwa kulitaja jina lake, awepo mwingine mwenye idhini ya kulitaja kwa niaba yake. Kipindi chaishia palipoishia vipindi vingi kabla yake, katika roshani, usiku, wawili hao wakicheza dansi taratibu juu ya taa za mji. Hakuna jaji hapo na hakuna hoja. Sheria imefanya lile dogo iliwezalo, yaani imeandika majina mawili katika hati moja, na yaliyobaki imewaachia wenyewe.